Waya wa kusokota au wa sambamba? Tazama miguu kwanza

Ukiwa Tabora usimwambie mtu mzima kwamba jioni yote ulikuwa barazani unafunga msokoto. Mimi nilimwambia baba mdogo, kwa nia njema kabisa, na ilibidi niilete koili yenyewe kiganjani ili aamini kwamba ni waya, si kile kinachowapeleka vijana kituoni. Akaigeuza, akainusa, akauliza: "Sasa kama ni waya, kwa nini umeusokota?"

Hilo ndilo swali la maana. Kuvepu ni kuvuta mvuke wa juisi ya nikotini badala ya moshi wa sigara, na koili ni waya uliozungushwa unaoipasha juisi hiyo, iliyonywewa na pamba iliyopita katikati yake. Ukiwa na rola moja ya waya mwembamba na kifaa chenye tanki la kujifungia koili mwenyewe, una njia mbili rahisi za kuutumia waya huo ukiwa maradufu. Unaweza kusokota nyuzi mbili zikawa kama kamba, au ukazilaza bega kwa bega, sambamba, ukazizungusha pamoja. Watu wengi huchagua kwa maneno ya ladha: hii ina moshi mtamu, ile ina moshi mzito. Mimi nimefunga zote mbili kwa miaka mitatu, na nasema ladha ni sababu ya mwisho kabisa. Chagua kwa kutazama nguzo za tanki lako na namna zinavyoshika miguu ya koili, yaani ncha zake. Tumbo la koili, ile sehemu iliyozungushwa, halina uamuzi mkubwa.

Kabla ya kuendelea niseme moja. Nimekulia Urambo, nikifunga majani ya tumbaku kwenye fito za bani la babu, lile banda la kukaushia tumbaku, na sigara nilianzia hukohuko. Kuvepu kwangu ni njia ya kuiacha sigara, na nikotini bado imenishika shati. Asiyevuta chochote hana haja ya somo hili, na mwenye watoto nyumbani aifungie juisi yake kabatini, maana nikotini ya maji ni sumu ikinywewa.

Nyuzi mbili ni nyuzi mbili

Waya nitakaoutolea mfano ni Kanthal A1 wa geji 28. Ni mchanganyiko wa chuma, kromiumu na aluminiamu, na unene wake ni milimita 0.32. Geji zinasomwa kinyumenyume kama za mabati: kila aliyeezeka nyumba anajua bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Kwenye waya ni hivyohivyo, namba ikipanda waya unakonda.

Mita moja ya waya huo ina ukinzani wa omu 18 hivi. Ukitumia nyuzi mbili kwa pamoja, umeme unapata njia mbili na ukinzani unashuka hadi nusu. Hilo halijali kama umezisokota au umezilaza. Kwa hiyo anayekuambia kwamba koili ya kusokota ina nguvu zaidi kwa sababu imesokotwa, muulize nguvu hiyo imetoka wapi.

Tofauti ndogo ipo, na inatoka kwenye urefu. Chukua biti ya drili ya milimita 3, zungusha mara sita, acha miguu ya milimita 5 kila upande. Koili ya sambamba itakula kama sentimita 7.3 za kila uzi na kutoa omu 0.65. Ya kusokota ina mwili mnene zaidi, kwa hiyo kila mzunguko ni mpana kidogo, halafu msokoto wenyewe unameza waya, asilimia 3 hadi 5 kutegemea umekaza kiasi gani. Utajikuta umetumia zaidi ya sentimita 8 za kila uzi, na mita inasoma omu 0.73 hivi. Biti ileile na mizunguko ileile, lakini namba mbili tofauti. Wengi wanaona hiyo 0.73 wanadhani wamekosea, wanafungua, wanaanza upya. Hujakosea.

Katika wati 25, koili ya sambamba inabeba kama miliwati 170 kwa kila milimita ya mraba ya ngozi ya waya, na ya kusokota kama 150. Maana yake ya kusokota ni ya uvuguvugu kidogo ukiziweka wati sawa, na inachelewa kushika moto kwa sababu kuna chuma kingi zaidi cha kupasha. Ukiiongezea wati 3 zinalingana. Hapo ndipo nusu ya ubishi wa vijiweni inapoishia.

Miguu

Koili ya sambamba ina miguu minne: miwili kila upande. Ya kusokota ina miwili tu, kwa sababu kila upande nyuzi zimeshikana zikawa kitu kimoja. Jambo hili linaonekana dogo mpaka siku utakayoinamia nguzo zenye tundu moja la milimita 2, bisibisi mkono huu, kibano mkono ule, na uzi mmoja unateleza kila ukikaza skrubu.

Mwaka wangu wa kwanza nilifunga koili ya sambamba nzuri sana, imelala kama mistari ya daftari. Nikasafiri nayo hadi Sikonge. Njiani moshi ukaanza kuungua kooni, nikavuta tena, ukaungua zaidi. Kwenye skrini namba ilikuwa inaruka: 0.65, mara 1.3, mara 0.7. Nikahitimisha kwamba kifaa kimekufa. Niliporudi mjini nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza redio kule Ng'ambo, mtu ambaye hajawahi kuvepu maishani mwake. Akavaa miwani, akagusa kwa ncha ya bisibisi, akacheka. "Kijana wangu, mashine nzima. Mguu mmoja uko nje."

Uzi mmoja ulikuwa umekatwa na skrubu niliyoikaza kwa hasira.

Hapa kuna jambo ambalo sijaona likielezwa vizuri, na ndilo linaloamua mengi. Kifaa chenye skrini unakiambia wati, chenyewe kinatafuta volti. Nyuzi zote mbili zikiwa zimeshikwa, wati 25 zinagawanyika, kila uzi 12 na nusu, na kifaa kinasukuma volti 4 hivi. Uzi mmoja ukichomoka, ukinzani unapanda hadi omu 1.3. Kifaa, kwa utii wake, kinapandisha volti hadi karibu 5.7 ili kikupe wati zako 25, na zote zinapita kwenye uzi mmoja. Uzi huo sasa una moto maradufu, pamba inaungua, na moshi wa pamba iliyoungua si mvuke tena, una kemikali za kuwasha koo ambazo ulikimbia sigara kuziepuka. Kwenye kifaa cha bomba, kile kisicho na skrini wala kidhibiti, mambo ni kinyume: betri ina volti zake zilezile, uzi uliobaki unapata kilekile ulichokuwa unapata, na jumla inashuka kutoka wati 27 hadi 13 na kitu. Utaona moshi umenyong'onyea tu, hauungui. Kosa moja, dalili mbili tofauti. Ukijua kifaa chako ni cha aina gani utajua cha kutafuta.

Ya kusokota inasamehe zaidi hapa. Skrubu ikiuma uzi mmoja kuliko mwingine, nyuzi zimekumbatiana na umeme mara nyingi hupata pa kuvukia kabla haujafika tumboni. Ubaya wake ni mwingine: mguu uliosokotwa una matuta kama kamba, skrubu inagusa vilele tu. Ukishaupasha mara chache unalegea. Mimi hukaza mara ya pili baada ya kuiwasha mara tano sita, kwa ustaarabu, si kwa nguvu za kufunga nati ya trekta.

Kwa hiyo angalia kitako cha tanki lako. Kama nguzo zake ni za kubana kwa kibao, au skrubu yenye kichwa kipana unayozungushia waya chini yake, sambamba inakaa bila taabu kwa sababu nyuzi mbili zinalala pembeni zikibanwa sawasawa. Kama nguzo zina tundu jembamba na skrubu inayoshuka kwa ncha, sokota. Sijui mtu aliyefuata kanuni hii akajuta.

Mkono wako

Kusokota ni kazi ya watu waliokulia na kamba, na hapa kwetu hao hawakosekani. Kata sentimita 60 za waya, kunja katikati, tundika kitanzi kwenye msumari, ncha mbili ziingize kwenye drili na uizungushe polepole huku ukivuta kidogo. Asiye na drili azifunge ncha kwenye kijiti na akizungushe kwa vidole, inachukua dakika tatu. Tafuta mizunguko kama mitatu kwa kila sentimita. Chini ya hapo nyuzi zinaachana ukianza kuzungusha kwenye biti. Juu ya hapo waya unakuwa mgumu, unakataa kupinda, na ukizidisha unaweza kukatika ghafla na kukupiga usoni. Vaa miwani hata kama ni ya jua. Ukiachia, waya utajirudisha kidogo wenyewe, usiogope.

Uzuri ni kwamba ukishausokota, kazi ngumu imekwisha. Unauzungusha kwenye biti kama waya mmoja.

Sambamba ni kinyume chake. Hakuna maandalizi, ila kuzungusha ndiko kwenye mtihani. Nyuzi mbili lazima zivutwe kwa nguvu sawa, na zisipandane. Zikipandana hata mara moja, pale juu ya mpando hapagusi pamba, patakuwa pekundu kabla ya penginepo. Ninachofanya ni kubandika ncha zote mbili pamoja kwa selotepu, kuzishika kwa kidole gumba dhidi ya biti, na kuzungusha biti badala ya kuzungusha waya. Mara ya kwanza nilipoteza koili nne. Ya tano ilikaa.

Kuna hesabu ya waya pia, na kwa mtu anayengoja kifurushi kishuke na basi kutoka Dar es Salaam, waya si kitu cha kutupa. Rola ya mita 10 inanipa koili za sambamba kama 40. Nikisokota napata 30 na kitu, kwa sababu ncha zilizoingia kwenye drili na kitanzi cha msumari vyote vinakatwa na kutupwa.

Usijaribu kuziba pengo kwa waya wa kufungia nondo. Mwingine una zinki juu yake, na mvuke wa zinki ni sumu. Koili ya jiko la umeme iliyokufa nayo iache kwa mafundi wa majiko. Ni nene, imeshaungua, na hujui imetengenezwa kwa madini gani. Nikromu safi ya kuvepu ni sawa, inawaka haraka kuliko Kanthal na ukinzani wake uko chini kwa robo hivi, lakini ina nikeli nyingi ndani, kwa hiyo mwenye ngozi inayowashwa na hereni za bei rahisi abaki na Kanthal.

Ladha, kwa ufupi

Nilimwomba shemeji anibadilishie matanki mawili yanayofanana kwa nje, juisi moja, nikiwa nimefumba macho. Nilipatia mara tatu kati ya sita, na hata mtu anayerusha shilingi angepata hivyo.

Kitu pekee ninachokubali ni hiki: mabonde ya msokoto yanashika juisi kidogo, kwa hiyo mvuto wa kwanza baada ya kupumzika unakuja umeshiba. Sambamba, kwa upande wake, inagusa utambi kwa nyuzi zote mbili mzunguko mzima, na joto lake limetulia, halina vilele. Juisi nzito yenye gliserini nyingi inaziamsha tofauti hizi kidogo asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Tabora inapoifanya izidi kuwa nzito kwenye pamba. Ikifika Oktoba jua likituchoma, juisi inakuwa maji na huoni tofauti yoyote.

Pamba yenyewe ina uzito kuliko aina ya koili. Tumia iliyosafishwa, hata ya hospitali. Kuna rafiki alidhani atapata bure kwa ndugu zake wakulima wa Igunga: pamba ikitoka shambani bado ina nta yake, hainywi kitu, inaelea juu ya juisi kama bata.

Ukoko

Hapa sambamba inashinda wazi. Juisi tamu sana huacha ukoko mweusi juu ya waya, kama wa chini ya sufuria ya wali. Kuutoa unachomoa pamba, unaiwasha koili kwa wati chache mpaka iwe nyekundu hafifu, unaiacha ipoe, unasugua kwa mswaki wa zamani na maji. Koili ya sambamba ina mifereji mifupi, mswaki unafika. Ya kusokota ina mabonde yanayozunguka hadi upande wa ndani, ukoko unajificha humo na unaendelea kuungua kila ukivuta. Mimi sambamba naisafisha mara tatu nne kabla ya kuitupa. Ya kusokota naisafisha mara moja, ya pili naitupa.

Wakati huohuo wa kuiwasha bila pamba ndipo unapoangalia madoa ya moto. Inatakiwa iwake kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikiwaka upande mmoja au nukta moja, pitisha kibano cha kauri juu yake taratibu huku ukiwa umeachia kitufe, kisha ibane kidogo. Sambamba hutii baada ya mara mbili tatu. Ya kusokota ikiwa na doa, kwa kawaida msokoto hauko sawa mahali hapo, na huwezi kuunyoosha ukiwa umeshafungwa.

Nafasi na betri

Kwa mfano wetu ule, koili ya sambamba ina kipenyo cha nje cha milimita 3.6. Ya kusokota inafika 4.3. Kwa tanki kubwa si kitu. Kwa tanki dogo, hiyo sehemu ya milimita inatosha kuifanya iguse ukuta wa kifuniko, na ikigusa ni shoti. Ukiwa na tanki dogo na bado unataka kusokota, tumia biti ya milimita 2.5.

Kuhusu betri, zote mbili ni za kawaida: omu 0.65 kwenye betri iliyojaa ya volti 4.2 inavuta ampea 6 na nusu. Betri ya 18650, ile ya lithiamu yenye umbo la bomba, iliyotengenezwa kwa kazi hii haitoki hata jasho. Shida ni zile zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa na kuuzwa mezani kwa fundi wa simu. Nyingi hazikuundwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, na ukifunga koili mbili ndani ya tanki moja unafika ampea 13. Betri ikiwa na nailoni iliyochanika, usiiweke mfukoni na funguo.

Na ukipima ukinzani kwa mita ya kawaida ya fundi, kwanza gusanisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe. Waya wa mita una ukinzani wake, mara nyingi omu 0.2 au 0.3, na hiyo unaitoa kwenye jibu. Usipoitoa utadhani koili yako ni 0.9 na utapanga betri kwa namba ya uongo.

Nani achukue ipi

Shemeji yangu anaendesha bodaboda Isevya. Kifaa chake kinaruka mfukoni kutwa nzima, tanki lake lina matundu membamba, na subira ya kunyoosha nyuzi mbili hana. Namfungia ya kusokota, mizunguko mitano, na nimemwonyesha namna ya kuikaza tena baada ya siku ya kwanza. Dada wa ofisini aliyeniuliza swali hili wiki iliyopita ana tanki la kibao cha kubana na anapenda juisi za embe tamu sana: sambamba, bila kufikiri mara mbili. Anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kufunga koili, ningempa waya mmoja wa geji 26 kwanza, mizunguko sita, omu 0.8 na kidogo, azoee mkono wake kabla ya kuingia kwenye nyuzi mbili.

Mimi nina sambamba ya 0.65, imefungwa Jumapili. Baba mdogo bado anaita msokoto.